Sifuri ya Mbingu Inatembea

Kila mwaka, takriban tarehe 20 Mei, Jua hulipita kundi la nyota ambalo watu wa pwani huliita Kilimia. Hakuna anayeliona tukio hilo, kwa kuwa Jua likiwa karibu nyota hufichwa na mwanga wake. Kinachoonekana ni yaliyo kabla na baada yake. Mwezi wa Aprili Kilimia huonekana upande wa magharibi mara giza linapoingia, na kila jioni kinashuka, mpaka kinamezwa na wekundu wa machweo. Katikati ya Juni kinazuka upya, safari hii mashariki, muda mfupi kabla ya mapambazuko. Jina lake limetokana na kulima, na Wazulu walio mbali kusini wana jina la asili hiyo hiyo, isiLimela. Wazee wa pwani walifungamanisha kuzama na kuzuka kwake na zamu ya mvua na jua, na hawakukosea. Mwanafalaki anayo namna fupi ya kulieleza jambo hilo hilo: Kilimia kipo kwenye longitudo ya digrii 60, na tarehe 20 Mei Jua nalo hufika digrii 60. Maelezo hayo ni sahihi leo. Miaka 2,100 iliyopita yangekuwa na kosa la digrii 30, ingawa Kilimia hakijaondoka mahali pake kati ya nyota wenzake. Kilichohama ni sifuri, yaani mahali hesabu inapoanzia. Nitakalolitetea hapa ni kwamba sifuri hiyo inayohama ndiyo inayowafaa watu wanaoishi kwa misimu, mradi tukumbuke daima kwamba inahama.

Longitudo ya nchi kavu wengi tuliisoma shuleni. Sifuri yake ni mstari unaopita Greenwich, nje ya kitovu cha London, na mstari huo uliteuliwa kwa kura za wajumbe wa mataifa waliokutana Washington mwaka 1884. Ungeweza kupita Paris, au Zanzibar, na mahesabu yote yangekwenda vilevile. Mbinguni uteuzi haukuwa wa kura. Tukilifuatilia Jua mwaka mzima tukilinganisha na nyota zilizo nyuma yake, tunakuta linazunguka anga kwa njia moja isiyobadilika, duara kamili lenye digrii 360. Njia hiyo imeinama kwa takriban digrii 23.4 kutoka kwenye ikweta ya mbingu, ambayo ni ikweta yetu ya duniani ikitandazwa hadi angani. Duara mbili zilizoinamiana hukatana mahali pawili tu. Mahali ambapo Jua huvuka ikweta likielekea kaskazini, tarehe 20 au 21 Machi, ndipo wanafalaki walipoweka sifuri. Kuvuka huko ndiko kunakoitwa ikwinoksi ya Machi, wakati usiku na mchana vinapokaribia kulingana dunia nzima. Kuanzia hapo tunahesabu kuelekea mashariki: digrii 90 mwezi Juni Jua linapofika kikomo chake cha kaskazini, digrii 180 mwezi Septemba likivuka kurudi kusini, digrii 270 mwezi Desemba. Nyota isiyokuwa juu ya njia yenyewe hupewa namba ya pili, latitudo, ya kuonyesha iko umbali gani kaskazini au kusini mwa njia. Jua halihitaji namba ya pili. Halitoki kwenye njia yake, kwa hiyo namba moja inatosha kulitaja lilipo.

Na namba hiyo yaweza kupatikana kwa kijiti na kivuli. Pima kivuli cha adhuhuri kwenye mahali unapojua latitudo yake, utajua Jua liko digrii ngapi kaskazini au kusini mwa ikweta; kutoka hapo, kwa kuwa mwinamo wa njia unajulikana, hesabu ya pembetatu inakupa longitudo. Dar es Salaam iko takriban digrii 6.8 kusini mwa ikweta. Siku ambayo kijiti kilichosimama wima jijini hakina kivuli adhuhuri, Jua la utosi, Jua lenyewe liko digrii 6.8 kusini, na hilo hutokea likiwa kwenye longitudo ya digrii 343 au digrii 197. Kwa kalenda ni kama tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Mtu asiseme kwamba ingetosha kuhesabu siku tangu ikwinoksi na kutoa digrii moja kila siku. Jua halina mwendo sawa. Kutoka sifuri hadi digrii 180 linatumia takriban siku 186, na kutoka 180 kurudi sifuri linatumia siku 179 tu, kwa sababu Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari na wakati huo huenda mbio zaidi. Wagiriki wa kale walikwisha kuiona tofauti hiyo ya misimu. Kalenda peke yake ingetudanganya, ilibidi kupima.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye nyota. Sifuri imewekwa na Jua, nyota huonekana usiku, na Jua na nyota hazionekani pamoja. Utapimaje umbali kati ya vitu viwili ambavyo kimoja kikija kingine kinatoweka? Hipparchus, Mgiriki aliyefanya kazi katika kisiwa cha Rhodes katika karne ya pili kabla ya Kristo, alitumia kupatwa kwa Mwezi, na ninaiona hiyo kuwa moja ya hila safi kabisa zilizopata kubuniwa na akili ya binadamu. Mwezi ukipatwa umeingia kwenye kivuli cha Dunia, kwa hiyo katikati ya tukio hilo uko upande wa pili kabisa wa Jua, digrii 180 kamili. Longitudo ya Jua anaijua. Anaongeza 180, ana longitudo ya Mwezi. Kinachobaki ni kupima umbali kutoka Mwezi hadi nyota iliyo karibu nao, na vyote viwili vinaonekana. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1580, Tycho Brahe wa Denmark alimtafuta mshenga mwingine. Alitumia Zuhura, sayari inayong'aa kiasi cha kuonekana hata Jua likiwa bado juu. Aliipima na Jua mchana, akaipima na nyota usiku, akaunganisha.

Kwa njia ya kupatwa, Hipparchus alikuta nyota ya Spica, ambayo Waarabu waliiita Simak, iko digrii 6 nyuma ya ikwinoksi ya Septemba, yaani kwenye longitudo ya 174. Alipofungua vipimo vya Timocharis wa Aleksandria, vilivyokuwa na umri wa karne moja na nusu hivi, alikuta nyota hiyo hiyo iliandikwa kuwa digrii 8 nyuma. Wengi wangesema mzee alikosea. Hipparchus aliiamini kazi ya aliyemtangulia, na akiegemea vipimo hivyo na vinginevyo akafikia hitimisho kwamba nyota zote, zikipimwa kutoka ikwinoksi, zinasogea mashariki polepole, si chini ya digrii moja kwa karne. Leo tunajua mwendo huo ni digrii moja kwa miaka kama 72, na duara zima linakamilika kwa miaka karibu 26,000. Spica sasa iko digrii 204. Ukigawanya digrii 30 zilizoongezeka tangu Hipparchus kwa miaka iliyopita, unaipata namba ile ile ya miaka 72 kwa kila digrii, au karibu sana nayo. Chanzo chake kilielezwa na Isaac Newton mwaka 1687. Dunia si tufe kamili. Imetuna kiunoni, na kipenyo chake pale ikweta kinazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Jua na Mwezi huuvuta mtuno huo kana kwamba vinataka kuinyoosha Dunia isimame wima, na Dunia, kwa kuwa inazunguka, haisimami wima bali mhimili wake unachora duara taratibu. Mtoto aliyewahi kuchezesha pia amekwisha kuliona jambo hili: pia inayozunguka huku imeinama haianguki mara moja, kichwa chake kinazunguka pole. Mhimili ukigeuka, ikweta inageuka nao, na mahali inapokatana na njia ya Jua panahama.

Hapo ndipo longitudo inayofuata njia ya Jua inapoonyesha uzuri wake. Sifuri ikihama juu ya njia hiyo, longitudo za nyota zote zinaongezeka kwa kiasi kile kile, na latitudo zao hazibadiliki, ila kidogo sana. Ukichagua kupima kwa kufuata ikweta badala ya njia ya Jua, kila nyota itahitaji masahihisho yake peke yake. Abd al-Rahman al-Sufi, Mwajemi aliyeandika kitabu chake cha nyota zisizohama mwaka 964, alikuwa na orodha ya Ptolemy wa Aleksandria, kazi ya karne ya pili yenye nyota zaidi ya elfu. Hakupima longitudo zote upya. Alichukua kasi ya digrii moja kwa miaka 66 iliyokubaliwa na wanafalaki wa Kiislamu wa zama zake, akapata digrii 12 na dakika 42, akaziongeza kwenye kila nyota. Basi. Ptolemy aliiweka Regulus, moyo wa Simba, kwenye digrii 122 na nusu; al-Sufi akapata 135 na dakika 12. Tukirudisha mahesabu ya leo nyuma hadi mwaka 964, jibu lake linakosea kwa chini ya sehemu ya tano ya digrii. Ni kweli kwamba alibahatika: longitudo za Ptolemy zilipungua kwa zaidi ya digrii moja, na kasi ya miaka 66 ni ya haraka kuliko ukweli, hivyo makosa mawili yakafutana. Lakini hata bahati hiyo isingewezekana kama kila nyota ingedai hesabu yake.

Sasa nisikilize mapingamizi, maana yapo, na la kwanza lina nguvu. Kwa nini tung'ang'anie sifuri inayohama, ilhali mbingu imejaa nyota zinazokaa mahali pake? Si tungechagua nyota moja, tukaifanya sifuri, yakaisha? Wapo waliofanya hivyo. Wanafalaki wa India kwa karne nyingi wamehesabu kwa nyota, na sifuri yao leo inapishana na ikwinoksi kwa takriban digrii 24. Mfumo huo hauna kosa la hesabu. Shida yake ni kwamba unalifuata jambo lisiloleta mvua wala ukame. Jua linarudi kwenye nyota ile ile baada ya siku 365, saa 6 na dakika 9. Linarudi kwenye ikwinoksi dakika 20 mapema zaidi. Dakika 20 kwa mwaka ni siku nzima kila baada ya miaka 71 hivi. Sikukuu ya Wahindi ya Makar Sankranti, ambayo kiasili ilifungamana na siku Jua linapoanza kurudi kaskazini mwezi Desemba, sasa huangukia tarehe 14 au 15 Januari, Jua likiwa limekwisha kugeuka wiki tatu nyuma. Serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na kalenda ya taifa iliyotokana na kazi hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 22 Machi 1957, huufungua mwaka kwenye ikwinoksi. Walioijua hesabu ya nyota kuliko karibu watu wote duniani ndio walioamua kwamba kalenda ya shughuli za watu ianzie kwenye Jua.

Pingamizi la pili ni la kwetu zaidi. Mtu wa Mombasa au Tanga anaweza kuuliza ikwinoksi inamhusu nini, kwa kuwa usiku na mchana wake hulingana karibu mwaka mzima, na misimu yake si ya theluji na majani yanayopukutika, ni masika na vuli, kusi na kaskazi. Hoja hii inasikika vizuri, lakini ukiichunguza inageuka kuwa ushahidi wa upande wangu. Mkanda wa mawingu ya mvua huzunguka katika nchi za joto ukilifuata Jua la utosi kaskazini na kusini, kwa kuchelewa wiki kadhaa. Jua hupita juu ya Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi, longitudo 343, na masika hufuata. Hupita tena Oktoba, longitudo 197, na vuli hufuata. Kule Dodoma na Mbeya mvua ni za msimu mmoja, zinanyesha kati ya Novemba na Aprili, wakati ambao kwa sehemu kubwa Jua liko upande wa kusini. Longitudo haitakuambia mvua itaanza Jumanne ipi, na bahari ina mambo yake ya kuongeza na kupunguza. Ila mlango wa msimu unafunguliwa na longitudo ya Jua inayohesabiwa kutoka ikwinoksi, haufunguliwi na nyota.

Pwani yetu ina kielelezo kizuri cha kinachotokea hesabu isipoifuata ikwinoksi. Mwaka wa Nairuzi, ulioletwa kwa athari za Uajemi na kutumiwa na mabaharia na wakulima, una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado huuadhimisha kwa Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Ni urithi wa thamani, na ulikuwa kipimo bora mno cha pepo kuliko kalenda ya Hijria, ambayo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa Jua. Hata hivyo, kwa kukosa siku ya ziada ya kila mwaka wa nne, Nairuzi hupishana na Jua siku moja kila miaka minne, mwezi mzima katika miaka 120. Kilimia ni saa bora zaidi: hupishana siku moja katika miaka 71. Kalenda ya kawaida tuliyonayo ukutani, iliyorekebishwa mwaka 1582 kwa makusudi ya kuirudisha ikwinoksi kwenye tarehe 21 Machi, hupishana siku moja katika miaka kama 3,000. Zipange saa hizo kwa ubora utaona kila iliyo karibu zaidi na ikwinoksi ndiyo inayodumu zaidi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wataalamu. Wanafalaki wa leo wenyewe, mtu atasema, wameiacha sifuri inayohama. Chombo cha Ulaya kilichoitwa Hipparcos, kwa kumbukumbu ya Hipparchus, kiliruka mwaka 1989 kikapima nyota takriban 118,000. Kilichofuata, Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kimepima karibu bilioni mbili. Vipimo hivyo vinaegemea kwasa, vitu vya mbali sana ambavyo kuhama kwake hakuonekani, chini ya mfumo ulioanza kutumika kimataifa mwaka 1998. Ni kweli, na kwa kazi ya kupima nyota ndivyo inavyopasa. Lakini tazama walipoiweka sifuri ya mfumo huo: karibu kabisa na mahali ikwinoksi ilipokuwa mwaka 2000. Waliigandisha, hawakuitupa. Na wanapotaka kutangaza saa na dakika ambayo misimu inabadilika, wanarudi kwenye ikwinoksi ya siku yenyewe, ile inayotembea.

Mahali ambapo tofauti hizi huwapotosha watu wengi zaidi ni kwenye kurasa za nyota magazetini. Aliyezaliwa kati ya tarehe 21 Machi na 19 Aprili huambiwa nyota yake ni Punda, buruji la kwanza, ambalo kwa Kiarabu ni Hamali. Buruji hizo kumi na mbili si makundi ya nyota. Ni vipande kumi na viwili vya longitudo, kila kimoja digrii 30, kuanzia ikwinoksi, na vilipewa majina enzi ambazo makundi ya nyota yenye majina hayo yalikuwa yameelekeana navyo. Tangu hapo sifuri imerudi nyuma kwa karibu kipande kizima. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Aprili, Jua lilikuwa limesimama mbele ya nyota za Samaki. Mwaka 1930 mipaka ya makundi ya nyota ilipochorwa rasmi, ilidhihirika pia kwamba Jua hupitia makundi kumi na matatu: mwishoni mwa Novemba na nusu ya kwanza ya Desemba liko katika kundi ambalo halimo kabisa kwenye orodha ya magazeti. Kumwambia mtu kwamba ana nyota fulani, ilhali kinachotajwa ni kipande cha msimu, ni kumpa jina la kitu kimoja badala ya kingine, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamini lolote linalofuata.

Ninachowaomba walimu wa jiografia na wachapishaji wa kalenda ni kidogo: wanapoandika longitudo ya nyota yoyote, waandike na mwaka ambao sifuri yake ilipimwa. Kilimia kilikuwa digrii 30 enzi za Hipparchus, ni digrii 60 leo, na baada ya miaka mingine 2,100 kitakuwa 90, ambapo Jua litakipita takriban tarehe 20 Juni, masika yakiwa yamekwisha. Kwa sasa bado kinashika zamu yake ya zamani. Atakaye kukiona kikizuka aamke katikati ya Juni, saa kumi na moja alfajiri hivi, atazame mashariki, chini karibu na upeo.